Mbuzi ya Mwalimu wa Musoki

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyeshea mihogo yangu yote niliyoanika. Asubuhi jua lilicheka kama mkwe mpya, mchana likanigeuka. Sasa mihogo inanuka na mimi nina hasira, na mtu mwenye hasira akikosa wa kumgombeza, anaandika. Shule niliacha darasa la tatu. Kiswahili nilifundishwa na mpaka, miaka yote niliyouza unga wa muhogo pale Mpondwe kwa Wakongo na wanajeshi na madereva wa lori. Naandika kwa Kiswahili ili jirani yangu Naswiba, ambaye macho yake hayana mlango, akichungulia asiambulie kitu.

Hasira yenyewe si ya mihogo. Ni ya Musoki. Huyu ni mtoto wa mwanangu Yeseri aliye na lori zake huko Juba, na mimi ndiye niliyemlea tangu mama yake alipokufa. Amesoma Kampala miaka mitano kuwa msanifu, yule anayechora nyumba kabla fundi hajaweka tofali. Nilidhani akitoka huko amemaliza. Kumbe! Karatasi ya chuo haimpi ruhusa ya kuchora hata choo kwa jina lake mwenyewe. Lazima afanye kazi miaka miwili chini ya msanifu mwenye leseni, huyo amsimamie, kisha aiambie bodi ya Kampala kama mtoto anafaa kufanyiwa mtihani.

Mimi nimezaa watoto saba bila mtu wa kuambia bodi kama ninafaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepalilia maharagwe. Mvua. Sikuongea na mtu.

Jumapili, 9 Machi

Musoki amekuja kutoka Kasese kunisalimu. Amekonda, shingo kama ya kuku wa kienyeji. Nimempikia obundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, akala huku anachora kwa kidole juu ya meza.

“Unachora nini?”

“Ngazi, Kaaka. Mzee Blasio amezirudisha tena.”

Kaaka ndiyo mimi, bibi yake; Blasio ndiye msimamizi wake. Ana ofisi Kasese mjini, na sijapata kusikia kwamba amemsifu mtoto wangu hata kwa bahati mbaya. Musoki akichora, anarudisha. Akiuliza kosa liko wapi, anaambiwa, “Panda hizo ngazi kichwani mwako ukiwa na mimba ya miezi minane, kisha uniambie wewe.” Maneno gani hayo kwa msichana asiyeolewa!

Kimebaki kitu kimoja tu, anasema. Bodi inataka aliyefuata jengo moja kwa macho yake, tangu mtaro wa msingi mpaka bati la mwisho. Jengo limepatikana: wodi ya kina mama ya zahanati moja kule Kisinga. Wataanza kuchimba mwezi huu. Akilifuata hilo, mwaka huu anafanya mtihani. Akilikosa, miaka yake miwili inakuwa kilema, ina mkono lakini haina mguu.

Kanisani Naswiba ameniuliza, mbele ya kina mama wote, “Teopista, mjukuu wako bado anafundishwa? Wangu alisoma uashi miezi sita na ameshajenga nyumba tatu.”

Nikamwambia, “Nimeziona. Ndiyo maana ninapozipita navuka barabara.”

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefikiri. Kosa ni letu. Kwetu mtoto akikabidhiwa kwa fundi, awe mhunzi, awe seremala, ukoo wake unampelekea fundi mbuzi kazi inapokaribia mwisho, ili asifiche jambo la mwisho. Maana kila fundi analo jambo la mwisho, na halitoi kwa mdomo mkavu. Marehemu Yonasani, mume wangu, alikaa bure kwa seremala mpaka baba yake alipopeleka dume la mbuzi; kesho yake akaonyeshwa kuunga mlango. Sasa huyu Blasio amepewa nini na ukoo wetu? Hata yai! Ndiyo maana anarudisha ngazi.

Kesho nakwenda Kasese. Musoki sitamwambia. Watoto wa chuo kikuu wana aibu ya ovyo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda. Yule dume mweupe nimemtia katika buti ya teksi, na dereva nikamwambia akilalamika juu ya harufu nitamwambia na yake. Mbuzi haipelekwi ofisini, inapelekwa nyumbani kwa mtu, basi nikauliza nyumba ya Blasio msanifu mpaka nikafika. Hakukuwa na mtu. Mkewe Mayimuna ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, alikuwa huko. Jirani mmoja, mwanamke mwenye kitambaa cha njano, alikuwa anafua.

“Mama, unaleta mbuzi kwa nani?”

“Kwa Blasio. Ni ya mjukuu wangu Musoki, anayefanya kazi kwake. Mwambie nyumba yetu imeileta kwa heshima, na sasa amalizane na mtoto vizuri.”

Akaacha kufua. Akanitazama mimi, akatazama mbuzi. “Amalizane naye?”

“Amalizane naye. Muda umefika.”

Nikafunga kamba kwenye nguzo ya ua, nikarudi nyumbani Bwera na roho nyeupe. Mvua ilitukuta Kikorongo, lakini hata mvua sikuigombeza.

Jumatatu, 17 Machi

Mbuzi imerudi!

Imerudi juu ya boda, ndani ya gunia, kichwa nje, inalia kama imefiwa. Mwenye boda akasema, “Mzee Blasio anashukuru sana, lakini hapokei.” Hapokei! Nimeishi miaka yote hii, nimeona watu wakirudisha mke, wakirudisha panga la kuazima, sijaona mtu akirudisha mbuzi ya heshima. Mbuzi ya heshima ikirudi, maana yake ukoo wako unanuka.

Na bado kuna lingine. Naswiba aliona boda ikitoka upande wa Kasese na mbuzi ikishushwa kwangu. Nikiwa bado naitoa kwenye gunia, nasikia vigelegele huko kwake. Vigelegele! Akaja mbio, mikono juu.

“Hongera, Teopista! Umeficha, lakini mbuzi haifichiki. Mahari ya Musoki imeanza kuingia!”

“Mahari ya nani, wewe?”

“Ni ya kwanza ya zile kumi na mbili, zimebaki kumi na moja. Ni yule mzee wa ofisini, eeh?”

Nilimfukuza na fagio. Lakini fagio halifikii mdomo wa mtu aliyeshafika barabarani.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya soko. Wivine, mwanamke wa Butembo anayeuza vitenge kando yangu, amenivuta pembeni.

“Mama Teopista, banasema mutoto yako banamuoa ku Kasese. Na dereva wa teksi anasema hapana, eti wewe mwenyewe ulirudisha mbuzi kwa bwana, ndoa imekufa. Sasa wanaolewa ao wanaachana? Miye natafuta kujua kama niuze kitenge cha harusi.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mbuzi ikitoka kwa mwanamume kuja kwa msichana, ni mahari. Ikitoka kwa msichana kwenda kwa mwanamume, ni mahari inarudishwa, ndoa imevunjika. Kasese wameiona ikienda. Bwera wameiona ikija. Na mimi, mtu mzima, nikasimama mbele ya yule mwenye kitambaa cha njano nikasema “amalizane naye, muda umefika”!

Wajinga hao. Hawajui mbuzi ya fundi? Siku hizi watu wanajua mbuzi ya kuoa na mbuzi ya kula tu.

Jumamosi, 22 Machi

Musoki amepiga simu. Hakunisalimu.

“Kaaka, ulileta mbuzi kwa mzee Blasio?”

“Nilileta. Ya heshima.”

Akaniambia yote. Mayimuna aliingia ofisini mbele ya wateja akauliza mumewe alitoa mbuzi ngapi kwa huyu msichana, na kwa nini moja imeletwa nyumbani kwake kama taka. Blasio akajieleza mpaka jasho. Hakuaminiwa. Sasa ametoa amri: Musoki abaki ofisini achore, asipande gari lake, asionekane naye saiti yoyote mpaka maneno yapoe.

“Na Kisinga?” nikauliza.

“Kisinga wanachimba mtaro wiki ijayo. Wataniacha.”

“Nenda kwa boda wewe mwenyewe!”

“Msimamizi akikataa nisiende, siendi, Kaaka. Hiyo ndiyo maana ya kusimamiwa.”

Nikasema huyo Blasio ni mwoga. Nikasema mwanamume anayeogopa mdomo wa mkewe hawezi kusimamisha ukuta. Akakata simu. Musoki hajawahi kunikatia simu maisha yake yote.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Mbuzi imekula maharagwe ya Naswiba. Vizuri.

Jumatano, 2 Aprili

Leo wamemwaga zege la msingi Kisinga. Nimejua kwa sababu Musoki ameniandikia ujumbe wa maneno mawili: “Wamemwaga leo.”

Nimekaa jikoni. Nje mvua inapiga bati, na kila ikipiga naona lile zege likiganda bila mtoto wangu kuliona. Ukuta unaweza kupanda juu kutazama, bati unaweza kupanda kutazama. Msingi ukishafukiwa, umefukiwa. Ni kama maiti aliyezikwa wewe ukiwa safarini.

Nina hasira na Blasio, na Mayimuna, na kitambaa cha njano, na Naswiba. Zaidi ya wote nina hasira na mtu mmoja ambaye leo sitamwandika.

Ijumaa, 4 Aprili

Haya, leo amekuja Bwambale. Huyu ni mjomba wa Musoki, kaka wa marehemu mama yake, anakaa kule milimani, na tangu msiba ule sijamwona mlangoni pangu akiwa hana njaa. Hakutaka hata kiti.

“Mama, mbuzi yangu iko wapi?”

“Mbuzi gani?”

“Ya mjomba! Musoki anaolewa, mbuzi zinaingia, mimi nasikia kwa watu wa mnada! Mnakula peke yenu? Dada yangu alizaa huyu mutoto, hakumuokota!”

“Hakuna aliyeolewa, mjinga wewe.”

“Na hiyo nyeupe hapo nje ilitoka mbinguni?”

Alipayuka mpaka kuku wakakimbia. Akasema atakwenda kwa wazee, atakwenda kwa mwenyekiti, atakwenda kwa huyo bwana mwenyewe hata kama ana bunduki. Na mimi nilikuwa nimeshachukua mwiko nimpige nao kichwani, mara nikasimama. Nikamtazama vizuri: jasho, mate, mishipa ya shingo. Mtu mwenye njaa kama hii hawezi kuigiza.

Nikaweka mwiko chini. Nikamwambia kwa sauti ya pole, “Mjomba, una haki. Kesho nitakupeleka kwa bwana mwenyewe. Ukamdai mbele ya mkewe.”

Nimempa chakula. Amekula sahani mbili akiwa bado amekasirika.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumefika dukani kwa Mayimuna saa za asubuhi, wateja wamejaa, wanapima misumari. Mayimuna ni mwanamke mkubwa, ana sauti ya mtu aliyezoea kupakia saruji kwenye malori. Blasio naye alikuwepo, amesimama nyuma kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Nilidhani ni mtu wa kutisha. Ana miwani na tumbo dogo.

Nilimwacha Bwambale aanze.

“Wewe ndiye Blasio? Mbuzi yangu iko wapi?”

“Mbuzi gani, mzee wangu?”

“Mimi ni mjomba wa Musoki! Umemuoa mutoto wetu, mimi sijala hata kwato! Nimetoka milimani kwa mguu! Ulimpa nani? Ulimpa huyu mama peke yake? Taja!”

“Sijatoa mbuzi yoyote! Sijaoa mtu!”

“Mwizi! Mahari gani inatoka mjomba asijue?”

Wateja wakaacha misumari. Nikamgeukia Mayimuna, sasa nikafungua mdomo.

“Umemsikia? Wewe ni mke wa watu, umeolewa kwa mbuzi kama mimi. Niambie: lini uliona mahari ikitolewa, mjomba asile? Mjomba angekuwa amekula, angekuwa hapa anapiga kelele? Huyu angekuwa nyumbani amelala tumbo juu! Njaa yake ndiyo shahidi wangu.”

Mayimuna akamtazama Bwambale kutoka juu mpaka chini, kama anavyotazama noti anayoishuku. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika rafu ya rangi. Wateja wakacheka. Bwambale akaniuliza, “Sasa mbuzi iko wapi?” wakacheka tena.

Nikaeleza mbuzi ya fundi. Mayimuna alijua! Babu yake alikuwa mhunzi. Akamgeukia mumewe: “Na wewe kwa nini ulirudisha? Ungeipokea mchana kweupe, sisi wote tungelala.”

Blasio akavua miwani. “Kaaka, mimi ndiye nitakayesema kama Musoki anafaa au hafai. Nikila mbuzi yako, nitasemaje?”

“Utakula, utapangusa mdomo, utasema ukweli! Wazee wetu walikula na wakasema ukweli. Nyinyi wasomi tumbo na ulimi wenu vimeungana wapi?”

Akarudisha miwani usoni. Lakini nitaandika hapa, kwa sababu hakuna anayesoma: jibu lake halikuwa la mwoga. Woga wake ulikuja baadaye, alipomfungia mtoto ofisini kwa ajili ya maneno ya watu.

Musoki alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Uso wake haukucheka.

“Kaaka, twende nje.”

Nje akaniambia, bila kupaza sauti, na afadhali angepaza: “Mmenijadili mbele ya watu wanaonunua misumari, kama nimeolewa au sijaolewa. Hao ndio mafundi nitakaowaambia kesho wabomoe ukuta. Usije tena kazini kwangu. Usitume mtu. Usilete hata ndizi.”

Nimerudi na Bwambale. Njia nzima aliuliza habari za mbuzi.

Jumapili, 6 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumamosi, 12 Aprili

Musoki alikuja kuchukua nguo zake za baridi. Alikaa kidogo. Blasio amemrudisha saiti, Mayimuna mwenyewe amesema apande gari na kukaa mbele. Nikasema Mungu ni mkubwa.

“Kuna jambo lingine, Kaaka. Mzee ameona aibu. Amesema atanisainia msingi wa Kisinga kama vile nilikuwepo. Anasema yeye aliuona, inatosha.”

Nikapiga makofi. “Sasa amekuwa mtu! Mwaka huu mtihani!”

“Nimekataa.”

Nilimwuliza mara tatu kama nimesikia vizuri. Nilimwambia yeye ni punda. Nilimwambia nimeuza unga wa muhogo kwenye mvua ili asome, na Yeseri anakula vumbi la Juba, na Naswiba anasubiri kucheka, na yeye anapewa kitu mkononi anakitema! Nilisema mengi. Mengine si ya kuandika.

Alisubiri nimalize. “Kaaka, siku ile ilinyesha. Kama mtaro ulikuwa na maji walipomwaga, sijui. Kama vyuma vililala kwenye matope, sijui. Nikisema niliona, basi kwa miaka miwili nimefundishwa nini? Kusaini?”

“Nani atajua?”

“Mimi. Na yeye amejua pia, alipoona nakataa. Hakunitazama.”

Kwa hiyo anaanza na jengo jingine, kuanzia mtaro. Mtihani ni mwaka ujao. Mwaka mzima, kwa ajili ya mbuzi yangu.

Aliondoka kabla ya mvua. Nilikaa na hasira zangu, na katikati yake kitu kingine kikanichoma. Yule Blasio, kukataa mbuzi aliweza, lakini uongo alikuwa tayari kuutoa. Mtoto wangu amekataa vyote viwili.

Nani aliyemfundisha ukaidi huo, sijui. Naswiba anasema anajua.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Musoki hakuja. Ametuma samaki wa Kahendero kwa dereva. Wamefika wazuri. Nimekula nikiwa nimenuna.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua haikomi. Naswiba ameuliza mtihani ni lini. Nimemwambia msingi wa nyumba aliyojenga mjukuu wake umepasuka. Ni kweli, umepasuka, nimekwenda kuutazama.

Jumatano, 21 Mei

Nimemchinja yule dume. Nimempa Bwambale mguu mmoja anyamaze. Nyama ilikuwa ngumu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetoka kuzika wifi yangu Bugoye. Mazishi mazuri, isipokuwa katekista aliyeongea kupita marehemu alivyoishi. Kurudi nilipanda boda ya kijana mmoja anaitwa Sunday. Mvua imeanza kupungua lakini mto Mubuku bado umejaa, unanguruma.

Kabla ya barabara kuu kuna shule inajenga bweni. Sunday akapunguza mwendo kwa sababu lori la kokoto limeziba njia. Mitaro imechimbwa, vyuma vimefungwa, mashine ya kukoroga zege inazunguka, wanaume wengi wamesimama na mikokoteni mikononi. Wamesimama tu. Ndani ya mtaro, matope mpaka magotini, nikaona kofia ya njano na shingo ya kuku wa kienyeji.

Musoki alikuwa anasukuma fimbo chini ya vyuma, anainama, anatazama, anasogea.

Nyapara akapiga kelele, “Madamu, zege inaganda! Tunamwaga!”

“Msimwage. Kona hii ina maji. Yatoeni kwanza.”

“Maji kidogo hayo! Wewe ka-mutoto kanachelewesha watu wazima!”

“Yatoeni, kisha muinue vyuma hivi. Zege likiganda mtakoroga jingine.”

Hakuinua hata uso. Blasio alikuwa amesimama juu ya kifusi, mikono nyuma, na nyapara alimgeukia yeye kumwomba. Blasio akamnyooshea kidole Musoki: muulize yule. Wanaume wakaweka mikokoteni chini wakaenda kutafuta ndoo.

Sunday akageuka. “Bibi, mbona umeshika bega langu hivi? Ni mtu wako? Nisimame umsalimu?”

Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshagusa chini. Mdomo nilikuwa nimeufungua, na maneno ya yule nyapara yalikuwa yamejipanga yote, kuanzia na mama yake.

Nikaurudisha mguu juu.

“Endesha,” nikamwambia. “Na usikimbie, wewe, hujabeba ndizi.”

Lakini yule aliyemwita mjukuu wangu ka-mutoto ana kovu kwenye nyusi ya kushoto na shati la bluu. Sura yake nimeishika. Siku Musoki akipata leseni, sitakuwa nimekatazwa tena na mtu, na Bugoye nakujua.